Nani Anamsamehe Dereva Mzembe?

Pikipiki zinatubebea wagonjwa na mahindi. Lakini pia vijana wetu wanakufa juu yake. Mwaka 2021 watu kama milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote. Wengi wao walikuwa kwenye pikipiki au bajaji.

Tunalalamika kwamba dereva mzembe akiua anapewa adhabu ndogo. Je, nani anampa adhabu hiyo? Mara nyingi ni sisi wenyewe. Lori linamgonga mwendesha pikipiki. Mwenye lori anakuja msibani na sanda na gunia la mchele. Wazee wanasema, "Basi, yaishe." Walioona wananyamaza. Bila ushahidi, hakimu atamfunga nani? Kesho dereva yuleyule yuko barabarani.

Tena tunapoteza haki. Sheria ya Tanzania inataka kila gari liwe na bima ya kuwalipa watu linaowaumiza au kuwaua. Bila taarifa ya polisi, ni vigumu kulipwa. Mchele unaisha upesi, yatima wanabaki.

Basi ajali ikitokea:
1. Tumwahishe majeruhi hospitali.
2. Tuandike namba ya gari, saa na mahali. Kuandika si tunajua?
3. Tuwaite polisi.
4. Aliyeona aseme, mpaka mahakamani.

Na waendesha pikipiki wavae kofia ngumu, wafunge na mkanda wake.

Maswali
1. Kwa nini walioona ajali hunyamaza?
2. Kijijini kwetu tutawasaidiaje wasiogope?