Bibi na wajukuu wakutane kwenye kinu

Swali: Mama yangu, mwenye miaka 68 na presha ya kupanda, amehamia kwetu Tanga. Wanangu, wa miaka 9 na 13, hawabanduki kwenye simu. Nifanyeje wawe karibu?

Jibu: Anza na kisamvu, dada yangu. Mpe bibi nafasi ya mwalimu, asiwe mgonjwa wa kuhudumiwa tu. Wajukuu wachume majani machanga, wayatwange kwa zamu. Kinu kinatoa jasho kweli. Bibi awaeleze kwa nini kisamvu huchemshwa sana: majani mabichi yana sumu ya sayanaidi, na kutwanga vizuri kisha kuchemsha bila kufunika ndiko kunakoiondoa. Watoto hupenda kujua siri ya namna hiyo.

Chumvi ndiyo ninayoisisitiza zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na iliyomo kwenye mkate na vyakula vya pakiti. Kitunguu, tangawizi na ndimu vibebe ladha. Tui liwe jepesi. Na dawa za mama zisiachwe kwa sababu presha imeshuka, mpaka daktari aseme.

Jioni, jua likipoa, watembee pamoja. Mama anahitaji angalau dakika 150 za mwendo wa kutosha kwa wiki. Watoto wastani wa dakika 60 kila siku, kwa hiyo wakirudi wacheze rede. Bibi, akiwa na nguvu, arushe mpira.