Tuyajuaje Mapenzi ya Mungu?

Somo: Matendo ya Mitume 16:6–25

Wako Wakristo miongoni mwetu ambao, wakitaka kuoa au kuhama, huifunua Biblia ovyo na kuweka kidole penye mstari wowote, kisha husema, “Mungu amenijibu.” Twawaambia kwa upole: hiyo ni ramli, ijapokuwa yapigwa kwa Kitabu Kitakatifu. Na tumtazame Mtume Paulo.

Kwanza, Paulo hakuketi akingojea ishara. Alikuwa njiani, katika kazi aliyokwisha kuagizwa. Alizuiwa na Roho asihubiri katika Asia. Akajaribu kuingia Bithinia, akazuiwa tena. Hata hivyo hakurudi nyuma, bali alishika njia iliyosalia, akafika Troa penye bahari.

Pili, alipoona usiku mtu wa Makedonia akimwita, hakukata shauri peke yake. Hapo Luka aanza kuandika “sisi”: wenzake nao waliona hakika ya kuwa Mungu amewaita. Basi atakayeota ndoto na aipeleke kwa ndugu zake, ipimwe kwa Neno.

Tatu, huko Filipi hawakupokewa na mtu yule wa maono, bali waliwakuta wanawake kando ya mto, na Lidia akaamini. Kisha Paulo na Sila walipigwa mapigo, wakafungwa gerezani. Je, walisema, “Tumepotea njia”? La, usiku wa manane walimwimbia Mungu. Taabu si ushuhuda kwamba tumeyakosa mapenzi yake, wala raha si ushuhuda kwamba tumeyapata.

Katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, Luther afundisha kwamba mapenzi ya Mungu hutimizwa hata tusipoomba. Lakini twaomba yatimizwe kwetu pia. Tena sehemu kubwa ya mapenzi hayo haikufichwa. Imo katika Amri Kumi. Mwenye deni la jirani hahitaji ndoto ya kumwambia alipe. Nasi tusipoyatii yaliyo wazi, twatafutia nini yaliyofichwa?

Maswali ya kufundishia:
1. Paulo alizuiwa mara ngapi, naye alifanya nini?
2. Kwa nini neno “sisi” lina maana kwetu?
3. Ni jambo gani tunalolijua tayari kuwa ni mapenzi ya Mungu, nasi twakawia kulitenda?

Swali la tatu kila mmoja na alijibu mbele za Mungu, kisha ainuke akalitende.