Firefox Mpya, Ubuntu ya Zamani

SWALI: Laptopu yangu ina Ubuntu 18.04. Kila nikisasisha, Firefox inabaki ileile, na tovuti ya benki inanikatalia. Nifanyeje?

JIBU: Muda wa kawaida wa matunzo ya Ubuntu hiyo uliisha 2023, ndiyo maana huletewi kipya. Fungua terminali, andika uname -m. Ukiona x86_64, una bahati: pakua Firefox kwenye tovuti ya Mozilla yenyewe, ifungue ndani ya folda yako, ingia kwenye folda ya firefox itakayotokea, uandike ./firefox. Hata nywila ya msimamizi haitakiwi. Ukiona i686, pole. Toleo la kawaida la mwisho kwa Linux ya biti 32 kama hiyo ni la 144. Kabla ya kuwasha Firefox mpya, nakili folda ya .mozilla, maana wasifu wako wa Firefox uliomo humo ukishaguswa na toleo jipya haurudi nyuma kirahisi. Mfumo wenyewe nao, mimi ningeubadilisha.