Daftari, Uvumi na Ushahidi: Nafasi ya Kiswahili katika Elimujinai, kwa Mifano ya Kisii na Nyamira

Ikisiri

Makala haya yanachunguza uhusiano uliopo baina ya lugha na uchunguzi wa jinai. Mifano imetolewa katika mauaji ya watu waliotuhumiwa uchawi katika eneo la Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira. Hoja kuu ni kwamba katika mauaji ya aina hii lugha hutangulia moto: tuhuma hutamkwa, huenezwa na pengine huandikwa kabla ya mtu kuuawa. Baada ya mauaji, lugha hiyo hiyo ndiyo inayoamua iwapo ushahidi utafika mahakamani ukiwa mzima au ukiwa vipande. Kwa hivyo, mwanafunzi wa elimujinai anamhitaji mwanafunzi wa Kiswahili, na kinyume chake.

1.0 Utangulizi

Elimujinai ni taaluma inayochunguza uhalifu: nani anautenda, kwa nini anautenda, na jamii inauchukuliaje. Katika miaka ya hivi karibuni vyuo vikuu kadhaa vya Kenya vimeanzisha shahada katika taaluma hii pamoja na masomo ya usalama. Chimbuko la hamu hiyo linaeleweka. Katiba ya 2010 ilibadilisha sura ya vyombo vya usalama. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 iliwaweka Polisi wa Kenya na Polisi wa Utawala chini ya Inspekta Mkuu mmoja. Mwaka huo huo ilitungwa sheria ya kuunda mamlaka huru ya kuusimamia utendakazi wa polisi, na mwaka 2012 ikafuata sheria ya Idara ya Kitaifa ya Ujasusi. Kifungu cha 244 cha Katiba kinawataka polisi wawe na weledi, waheshimu haki za binadamu na wajenge uhusiano mwema na jamii.

Uhusiano na jamii haujengwi bila lugha. Hata hivyo, mijadala ya mageuzi katika polisi imetawaliwa na masuala ya mishahara, silaha, magari na vyeo. Suala la lugha anayoitumia askari anapomhoji bibi kizee aliyeshuhudia nyumba ya jirani ikiteketezwa halijapewa uzito unaostahili. Makala haya yanajaribu kuliziba pengo hilo.

2.0 Usuli wa tatizo

Eneo la Gusii lina watu wengi kwenye ardhi finyu. Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kisii ilikuwa na watu 1,266,860 na Nyamira watu 605,576. Katika Kisii msongamano ulizidi watu 900 kwa kila kilomita mraba. Mashamba yamegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi mengine yametoshana na ua wa nyumba. Katika mazingira hayo mzee mwenye shamba, hasa mjane, anaweza kuonekana kuwa kizuizi. Tuhuma ya uchawi huwa njia ya mkato ya kumwondoa.

Imani yenyewe si jambo geni kwa wasomi. Philip Mayer, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wagusii, alitoa mhadhara maarufu kuhusu wachawi mwaka 1954. Justus Ogembo naye alichapisha mwaka 2006 kitabu kizima kuhusu usakaji wa wachawi uliolikumba eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa hivyo mauaji ya Mei 2008 hayakuzuka ghafla. Mwezi huo watu 11, wengi wao wazee, waliuawa kwa kuchomwa moto katika eneo la Kisii, kijiji cha Nyakeo kikiwa miongoni mwa vijiji vilivyotajwa. Mnamo Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hiyo hiyo huko Marani.

Sheria haikuwa kimya. Sheria ya Uchawi iliyoanza kutumika Kenya mwaka 1925 haikumlenga anayejidai kuwa na nguvu za kuroga pekee. Iliharamisha pia kitendo cha kumwita mtu mwingine mchawi, ila tu pale tuhuma inapopelekwa kwa mtu mwenye mamlaka kama vile chifu au afisa wa polisi. Kwa maneno mengine, sheria hiyo ilitambua kwamba neno lenyewe ni silaha. Mahakama nazo zilikwisha kutamka msimamo wao zamani. Katika kesi ya Wakamba ya 1932 watu 60 walihukumiwa kifo kwa kumuua mwanamke waliyemdhania kuwa mchawi, ingawa baadaye adhabu hiyo ilipunguzwa. Katika kesi ya Eria Galikuwa ya 1951, iliyotoka Uganda, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisisitiza kwamba imani ya uchawi peke yake haimwondolei muuaji hatia.

3.0 Daftari la Nyakeo

Taarifa za wanahabari za mwaka 2008, ikiwemo ile ya BBC, zilieleza jambo linalopaswa kumshtua kila mwanafunzi wa lugha. Wanakijiji walidai kuwa wanao ushahidi: daftari lililopatikana katika shule ya msingi, ambalo ndani yake mliandikwa kumbukumbu za mkutano wa wachawi zilizoeleza ni nani waliokusudiwa kurogwa.

Tulitazame dai hilo kwa jicho la mwanaisimu. Kumbukumbu za mkutano ni utungo wa kiuamilifu. Zina muundo maalumu: tarehe, mahali, waliohudhuria, waliokosa kuhudhuria kwa udhuru, ajenda, maazimio na sahihi. Muundo huu hupatikana kwa kufundishwa darasani au kwa kuzoea vikao vya kamati. Je, mtu anayedaiwa kufanya mambo yake gizani, na ambaye nguvu yake yote inategemea siri, ana haja gani ya katibu? Na iwapo watuhumiwa ni wazee, je, walijua kusoma na kuandika? Kama hawakujua, nani alikishika kalamu kile?

Maswali haya si ya dhihaka. Ndiyo maswali ambayo mpelelezi mwenye mafunzo angeyauliza siku ya kwanza. Mwandiko ni wa nani? Wino na karatasi ni vya lini? Msamiati ni wa kizazi gani? Makosa ya tahajia ni ya mtoto wa shule au ya mtu mzima? Yapo maneno ambayo wazee wa eneo lile hawayatumii? Daftari lile, badala ya kuwa ushahidi dhidi ya waliouawa, lingeweza kuwa ushahidi wa kwanza dhidi ya aliyeliandika.

Tawi la isimu linaloshughulikia maswali ya namna hii tunaweza kuliita isimujinai. Chimbuko lake mara nyingi huhusishwa na Jan Svartvik, aliyechambua mwaka 1968 maelezo yaliyorekodiwa na polisi wa Uingereza kutoka kwa Timothy Evans, mtu aliyenyongwa mwaka 1950 na kusamehewa mwaka 1966 baada ya kufa. Svartvik alionyesha kwamba sehemu zilizomtia Evans hatiani zilitofautiana kisarufi na sehemu nyingine za maelezo yake. Baadaye Malcolm Coulthard alichunguza maelezo ya Derek Bentley, aliyenyongwa mwaka 1953. Aligundua kwamba neno lenye maana ya 'kisha' lilijitokeza mara nyingi mno, tena katika nafasi ambayo maafisa wa polisi walizoea kuliweka walipoandika. Hatia ya Bentley ilifutwa mwaka 1998. Kielezi kimoja kidogo kilisaidia kusafisha jina la marehemu.

4.0 Safari ya maelezo ya shahidi

Askari wengi hutumikia maeneo yasiyo ya kwao. Shahidi mzee wa Marani au Ekerenyo huenda akaeleza aliyoyaona kwa Ekegusii. Mtu aliye karibu humfasiria askari kwa Kiswahili. Askari naye huyaandika kwa Kiingereza. Maelezo yamevuka mito miwili kabla ya kutiwa sahihi au alama ya kidole. Katika kila kivuko kuna kinachosombwa na maji.

Kwanza ni suala la nafsi. Ekegusii na Kiswahili, zikiwa lugha za Kibantu, hazitofautishi jinsia ya kiume na ya kike katika viambishi vya nafsi. Shahidi akisema kwa Kiswahili 'alikuja na kibiriti', hajasema kama ni mwanamume au mwanamke. Kiingereza humlazimisha mwandishi kuchagua. Akikosea, wakili wa utetezi atamwonyesha shahidi karatasi yake mwenyewe na kumwita mwongo.

Pili ni suala la wakati. W. H. Whiteley, anayefahamika zaidi kwa kazi zake kuhusu Kiswahili, aliandika mwaka 1960 kuhusu mfumo wa njeo wa Ekegusii. Lugha hiyo hutofautisha wakati uliopita kwa kuzingatia umbali wake. Kiswahili kinaukusanya umbali huo wote ndani ya kiambishi -li-. Zaidi ya hayo, 'saa nane usiku' ya shahidi ikiandikwa na mfasiri asiye makini huweza kubaki namba nane kwenye maelezo ya Kiingereza. Hapo mshukiwa anapewa saa sita za bure za kudai kwamba alikuwa kwingine.

Tatu ni suala la istilahi. Wagusii humtofautisha omorogi, anayedaiwa kudhuru kwa siri, na omoragori, anayepiga ramli ili kueleza chanzo cha msiba. Yupo pia omoriori, anayeitwa kuja kuivumbua na kuifukua hirizi iliyofichwa. Mfasiri akiwaita wote 'wachawi', au wote 'waganga', anakuwa amemficha mtu muhimu kwa upelelezi. Huenda aliyelitamka jina la marehemu kwa mara ya kwanza ni mpiga ramli aliyelipwa. Bila istilahi sahihi, swali la nani alimlipa haliwezi hata kuulizwa.

Sheria imeweka ulinzi, angalau kwa mshukiwa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa aelezwe sababu ya kukamatwa kwake kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Kanuni za 2009 kuhusu maungamo ya nje ya mahakama zinampa mshukiwa nafasi ya kuchagua lugha ya mawasiliano. Aidha, Kiswahili kinakubalika pamoja na Kiingereza katika mahakama zilizo chini ya Mahakama Kuu. Kwa hivyo kuandika maelezo kwa Kiswahili si ombi la wapenzi wa lugha; ni njia halali ya kupunguza kivuko kimoja.

5.0 Uvumi, ujasusi na 'wananchi wenye hasira'

Wahenga walisema kuwa lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii ina hekima yake, lakini katika chumba cha upelelezi ni sumu. Sheria ya Ushahidi hutaka shahidi aeleze alichokiona au kukisikia yeye mwenyewe, wala si alichoambiwa kwamba kimesemwa. Uvumi si ushahidi.

Hata hivyo, uvumi ni taarifa, na hapa ndipo elimujinai inapokutana na ujasusi. Uvumi kwamba mtoto amerogwa, kisha jina likatajwa sokoni, kisha likarudiwa matangani, ni dalili ya hatari kwa mwenye jina hilo. Mpango wa Nyumba Kumi uliozinduliwa Kenya mwaka 2013, kwa kuiga mfano wa Tanzania, ulikusudiwa kuzifikisha dalili kama hizo kwa wakuu mapema. Taarifa hiyo itafaa tu ikiwa anayeipokea anaelewa tofauti kati ya 'wanasema amelogwa' na 'wanasema fulani amemloga'. Kauli ya kutendwa inalaza mtenda. Sentensi ya pili imemwamsha na kumpa jina. Kati ya sentensi hizo mbili ndipo polisi wanapopaswa kufika.

Majina ya makundi nayo yana athari. Sungusungu ni mdudu, aina ya chungu. Jina hilo lilitumiwa Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa vikundi vya ulinzi vya Wasukuma na Wanyamwezi, kisha likavuka hadi Kuria na Gusii. Linaleta picha ya wengi wadogo wanaoshirikiana kulinda kichuguu. Picha hiyo nzuri iliwafunika waliotesa na kuua, mpaka serikali ya Kenya ilipoliharamisha kundi hilo mwaka 2010 pamoja na mengine likiwemo Chinkororo.

Vivyo hivyo, magazeti na taarifa za polisi hupenda kusema kwamba mtu 'aliuawa na wananchi wenye hasira' au kwamba watu 'walichukua sheria mikononi'. Katika usemi wa kwanza muuaji amevalishwa uraia na kupewa sababu. Katika usemi wa pili mauaji yameitwa sheria. Anayemwaga petroli juu ya paa la ajuza hashiki sheria yoyote mkononi, ameshika petroli. Lugha ya namna hii humfundisha shahidi kunyamaza, kwani nani atawashtaki 'wananchi'?

6.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba tuhuma, ushahidi na taarifa za kijasusi zote ni matini, na matini huhitaji msomaji aliyefunzwa. Yanapendekezwa mambo matatu. Mosi, idara za Kiswahili na za elimujinai katika vyuo vyetu ziandae kozi ya pamoja ya isimujinai, itakayotumia mifano ya hapa nyumbani. Pili, wanafunzi wetu wa uzamili wakusanye istilahi za uhalifu na uchawi za Ekegusii na visawe vyake vya Kiswahili, ziweze kutumiwa vituoni na mahakamani. Tatu, mafunzo ya polisi yajumuishe stadi za kurekodi maelezo kwa Kiswahili na kufanya kazi na wakalimani.

Wasomi wa Kiswahili tumezoea kuhakiki usimulizi, sauti na mtazamo katika riwaya. Maelezo ya shahidi nayo yana msimulizi, yana sauti zaidi ya moja na yana mtazamo. Tofauti ni kwamba riwaya ikisomwa vibaya hakuna anayepoteza maisha.