SOMO LA VIKUNDI: NANI ANATUSEMEA, NA KWA PESA ZA NANI?



Ukinunua sabuni au kredo ya simu, umelipa kodi. Ukipanga nyanya zako sokoni, unatoa ushuru. Zote ni pesa za umma. Nyingi tunatarajia zilete dawa na barabara. Lakini ziko pia zinazolipia kazi ya kushawishi, yaani kuwaendea wabunge na maseneta ili sheria au bajeti iegemee upande fulani.

Mfano ni Baraza la Magavana. Liliundwa kwa Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali ya mwaka 2012, na sheria hiyo ilisema gharama zake ziwekwe katika bajeti ya serikali ya kitaifa. Katiba inataka kaunti zipate angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Mwaka 2014 magavana walianzisha kampeni ya "Pesa Mashinani", wakitaka ifike asilimia 45. Kura ya maoni waliyotaka haikufanyika.

Mwaka 2019 Seneti ilitaka kaunti zipewe shilingi bilioni 335, Bunge la Kitaifa likakataa. Magavana wakaenda Mahakama ya Juu, na upande wa pili akawa Mwanasheria Mkuu. Mwishowe kaunti zilipata bilioni 316.5. Angalieni hapo: mfuko wa umma ulikuwa nyuma ya pande zote mbili!

Je, ni vibaya? Si lazima. Mama wa kijijini hana nauli ya kwenda Nairobi kudai dawa za zahanati. Akipata wa kumsemea, ni vizuri. Shida inakuja pale msemaji anapodai makubwa ya ofisi yake na kusahau zahanati. Tena mwananchi asiyekubaliana naye hawezi kuacha kulipa. Kwenye kikundi, ukiona mambo hayaendi sawa, unaweza kujitoa. Kwa kodi hakuna kujitoa.

Kwa hivyo tufanye kama tunavyofanya na mweka hazina wetu: asome hesabu mbele ya wote. Haki hiyo tunayo:

1. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari. Kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Andikeni barua, mbaki na nakala.
2. Kifungu cha 201 kinataka uwazi na wananchi kushirikishwa katika mambo ya pesa za umma. Kikao cha bajeti ya kaunti kikiitwa, tumeni watu wawili.
3. Muulizeni mwakilishi wa wadi: kaunti yetu inalipia vyama gani, na vimetuletea nini?

Maswali ya kujadili:

- Ni jambo gani moja tungependa viongozi wetu wakalidai Nairobi?
- Tutajuaje kama wamelidai?
- Nani ataandika barua, na itapelekwa lini?

Msifunge kikao kabla swali la mwisho halijapata jina na tarehe.