Swala, Ng'ombe na Sisi: Somo la Nyamafu na Kimeta



Ndugu msomaji, leo tunasoma habari za swala. Si ile ya mara tano kwa siku, bali yule mnyama wa porini, jirani wa sisi tunaotoka Rwekubo na kusoma Mbarara. Tutamtazama anavyoishi, ugonjwa unaoweza kumuua, na jambo linalotupasa tukikuta mzoga wake au wa ng'ombe wa jirani.

1. Jirani zetu wa porini

Wale wanyama wenye pembe za matawi tunaowaona katika sinema za Ulaya hawapo katika pori letu. Pembe zao huanguka kila mwaka na kuota upya. Pembe za swala haziangushwi: ndani ni mfupa, nje ni ganda gumu la aina moja na kucha. Mashuhuri kwetu ni swala pala, ambaye inasimuliwa kuwa ndiye aliyeupa mji wa Kampala jina lake. Madume tu ndio wenye pembe. Mvua ikinyesha hula nyasi changa. Ukame ukija hugeukia majani ya miti.

Makazi yake makubwa huku ni Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo, pamoja na pundamilia, nyati, pofu na pongo. Mto Rwizi unaopita Mbarara huingia katika mfumo wa maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivale, ambao mwaka 2006 uliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu. Kwa hiyo sisi na wanyama hao tumo katika bonde moja la maji.

Hifadhi ilitangazwa mwaka 1983 na wakazi wakatolewa. Serikali ya wakati ule ilipoanguka mwaka 1985, watu walirudi na wanyama wengi wakauawa kwa hasira. Baadaye eneo likapunguzwa ili wananchi wapate ardhi. Leo sheria inataka asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudi kwa jamii zinazoizunguka. Hata hivyo mnyama hasomi ramani. Majani yakiisha huku, swala na pundamilia huvuka na kulisha pamoja na ng'ombe wa Ankole, wakinywa maji mamoja na kuachiana kupe. Ndiyo maana wataalamu husema afya ya mnyama wa porini, ya mfugo na ya binadamu ni afya moja.

2. Kimeta ni nini?

Kimeta husababishwa na bakteria. Mzoga ukipasuliwa na damu ikakutana na hewa, bakteria hao hujifunika ganda gumu na kukaa udongoni kwa miaka mingi, hata makumi ya miaka. Mnyama mwingine akija kulisha hapo huwameza pamoja na nyasi na vumbi. Mwaka 2004 na 2005 ugonjwa huu uliua mamia ya viboko katika Hifadhi ya Queen Elizabeth, magharibi ya nchi yetu.

Dalili yake kubwa ni kifo cha ghafla. Mara nyingi damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni au nyuma, na mzoga haukakamai kama kawaida. Kwa binadamu huanza mara nyingi kama kipele kinachowasha, kisha kidonda chenye kigaga cheusi katikati ambacho kwa kawaida hakiumi. Aliyekula nyama huweza kutapika, kuumwa tumbo na kuhara damu. Hutibika kwa antibayotiki mgonjwa akiwahi. Akichelewa anaweza kufa.

3. Nyamafu, dharura na kisu cha haraka

Sura ya Al-Maida, aya ya 3, imeharamisha nyamafu, na kila mtoto wa madrasa analijua hilo. Lakini tangu mgao wa chakula kambini upunguzwe, swali linaulizwa kwa dhati: je, si dharura? Aya hiyo hiyo imetaja aliyeshikwa na njaa kali, na hatuna haki ya kumbeza mwenye njaa. Ila tuelewe kwamba ruhusa ya dharura humwondolea mtu dhambi, haimwondolei bakteria. Kuchemsha kwa kawaida si kinga ya kutegemewa, na mwenye kuchuna huweza kuambukizwa kabla sufuria haijawekwa jikoni.

Lililo gumu zaidi ni kisu cha haraka. Ng'ombe anaanguka, mwenyewe anasema, "Leteni kisu kabla hajafa." Bismillah inasomwa, anachinjwa, nyama inagawiwa kwa majirani. Kwa sura ya nje ni halali. Lakini Sura ya Al-Baqara, aya ya 168, imeunganisha halali na kizuri, na nyama yenye kimeta si nzuri. Kuchinja hakutibu ugonjwa. Ile damu inayomwagika ndiyo inayopanda kimeta katika malisho ya kesho.

Katika Sahih al-Bukhari imepokewa pia kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza wanyama wagonjwa kupelekwa kwa walio wazima. Basi mwenye kundi lenye ugonjwa asilipeleke kwenye maji ya wote, wala asimuuze mgonjwa mnadani.

4. La kufanya

- Usiguse, usichune wala usipasue mzoga. Zuia watoto, mbwa na mifugo wasiusogelee.
- Mjulishe mwenyekiti wa LC na afisa mifugo. Akiwa mnyama wa porini, waarifiwe askari wa wanyamapori. Kuchoma au kuzika kwa kina ni kazi ya wenye vifaa.
- Aliyekwisha kushika au kula aende kituo cha afya mara moja na aseme ukweli. Asifiche kwa kuogopa kuulizwa nyama ilitoka wapi.
- Wenye mifugo wafuate ratiba ya chanjo ya kimeta.
- Kuwinda bila kibali ni kosa la jinai, hata kama swala mwenyewe ni halali kuliwa.

Mwanafunzi anayerudi likizo aseme haya nyumbani kwa adabu, hasa kwa wazee wenye ng'ombe. Mzee aliyekula hasara ya ng'ombe mmoja hahitaji kukaripiwa. Anahitaji kuelezwa namna ya kuokoa waliobaki, na majirani wa kumchangia ili asilazimike kuuza nyama ile.

Maswali ya darasa

1. Kwa nini kupasua mzoga wa kimeta ni hatari kuliko kuuacha mzima?
2. Eleza tofauti ya hukumu ya dharura na usalama wa chakula.
3. Msikiti wenu unaweza kumsaidiaje mfugaji aliyepoteza mnyama kwa ugonjwa?

Wabillahi tawfiq.