Mbwa Anayejikuna: Kijitabu cha Kaya Kuhusu Mzio wa Mbwa na Matibabu Yake

Kwa nini usome kijitabu hiki

Mbwa anayejikuna usiku kucha, anayetafuna nyayo zake mpaka zikatoka damu, au anayetikisa masikio kila mara, ni mgonjwa. Katika nyumba nyingi muwasho huo hupuuzwa kwa kudhani ndiyo tabia ya mbwa, au hutibiwa kwa chochote kilicho karibu: oili chafu ya gari, mafuta ya taa, dawa ya kuogeshea ng'ombe. Kwa vyovyote vile mnyama huumia, na mara nyingine watu wa nyumbani huumia naye.

Mzio wa mbwa, ambao wengi huuita aleji, kwa kawaida hauponi moja kwa moja, lakini unadhibitika. Siri ya kuudhibiti ni kufuata mpangilio: kwanza ondoa wadudu, kisha tibu maambukizi ya ngozi, halafu chunguza chakula, na mwisho zungumza na daktari wa mifugo kuhusu dawa za muda mrefu. Kaya inayoruka hatua hujikuta inanunua dawa ghali kwa tatizo ambalo pengine lingekwisha kwa kuua viroboto.

1. Mzio ni nini?

Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapopambana na kitu ambacho kwa mbwa wengine hakina madhara. Binadamu mwenye mzio wa vumbi mara nyingi hupiga chafya na kutokwa na makamasi. Mbwa huonyesha zaidi kwenye ngozi: huwashwa.

Aina kuu ni tatu:

*Mzio wa mate ya viroboto.* Kiroboto anapouma huacha mate yake kwenye ngozi. Kwa mbwa mwenye mzio huu, viroboto wachache tu wanatosha kumwasha kwa siku kadhaa. Muwasho hukaa zaidi mgongoni kuelekea nyuma, penye shina la mkia na mapajani.

*Mzio wa mazingira.* Husababishwa na chavua za majani na miti, ukungu, na utitiri wadogo sana wanaoishi kwenye vumbi la nyumba. Kwa kawaida huanza mbwa akiwa na umri wa miezi 6 hadi miaka 3. Angalia nyayo, uso, masikio, kwapa, tumbo na kinena. Huweza kurithiwa, na mbwa aina ya Labrado na German Shepherd wamo katika jamii zinazopatwa zaidi.

*Mzio wa chakula.* Mara nyingi mwili hukataa protini ambayo mbwa amekuwa akiila siku zote: nyama ya ng'ombe, kuku, maziwa au ngano. Dalili zake hufanana na za mzio wa mazingira, ila mbwa huwashwa mwaka mzima bila kujali msimu. Baadhi huharisha, hutapika au hujamba sana.

Mbwa mmoja anaweza kuwa na aina mbili, hata zote tatu, kwa wakati mmoja.

2. Anza uchunguzi nyumbani

*Tafuta viroboto.* Tandaza karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji, msimamishe mbwa juu yake, kisha chana manyoya ya mgongoni karibu na mkia kwa kitana chenye meno ya karibu. Vitadondoka vipunje vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa. Subiri kidogo. Vikiyeyuka na kuacha alama nyekundu yenye rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, nacho ni damu ya mbwa wako iliyokwisha kumeng'enywa. Hata usipomwona kiroboto mwenyewe, wapo.

*Tafuta upele.* Upele wa mbwa huletwa na utitiri wanaochimba ngozi, na huwasha kupita kiasi. Tazama kingo za masikio, viwiko na visigino: je, kuna magamba na manyoya yamenyonyoka? Sugua taratibu ukingo wa sikio kwa vidole vyako. Mbwa akianza kurusha mguu wa nyuma kama anayejikuna, shuku upele. Kama na watu wa nyumbani wanawashwa mikononi au tumboni, mahali mbwa anapowagusa, shuku zaidi.

*Tazama ngozi yenyewe.* Harufu kali, mafuta, vipele vyenye usaha, ngozi iliyokuwa nene na nyeusi, au masikio yenye uchafu wa kahawia, ni dalili kwamba bakteria au fangasi wamekwisha kuingia kwenye ngozi iliyojeruhiwa kwa kukwaruzwa.

Andika unachokiona kwenye daftari: muwasho ulianza lini, uko wapi, mbwa anakula nini, alipewa dawa gani. Daftari hilo litamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbukakumbuka.

3. Hatua za kufuata

Hatua ya kwanza: ondoa wadudu. Viroboto wazima unaowaona juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya viroboto wote waliopo nyumbani. Jike mmoja huweza kutaga hadi mayai 40 au 50 kwa siku, nayo hudondoka kwenye matandiko, mikeka, nyufa za sakafu na udongo wa banda. Kwa hiyo kumtibu mbwa peke yake hakutoshi:

- Tibu mbwa na paka wote wa nyumba kwa siku moja.
- Fua matandiko ya mbwa kwa maji ya moto na uyaanike juani kila wiki.
- Fagia banda na kona zote, kisha utupe taka mbali na nyumba.
- Endelea kwa miezi mitatu au zaidi, maana viroboto walio ndani ya vifukofuko vyao huweza kukaa muda mrefu kabla ya kutoka.

Zipo dawa za kudondoshea shingoni na vidonge vya kutafuna. Vidonge vingi hufanya kazi kwa mwezi mmoja, na vyenye fluralana hufikia wiki 12. Vidonge vya kundi la fluralana huua viroboto na kupe, na daktari huvitumia pia kutibu upele. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba vinaweza kuleta degedege kwa baadhi ya mbwa. Ikiwa mbwa wako amewahi kupata degedege, mwambie daktari kabla ya kumpa. Na kama mnafuga paka, msimpake dawa ya mbwa yenye permethrini. Humuua.

Hatua ya pili: tibu maambukizi. Mbwa mwenye bakteria au fangasi kwenye ngozi ataendelea kuwashwa hata akipewa dawa nzuri ya mzio. Daktari anaweza kuchukua sampuli ya ngozi na kuitazama kwa hadubini. Maambukizi madogo mara nyingi hutibika kwa kuogesha kwa shampuu yenye klorheksidini. Tumia maji ya baridi au vuguvugu, paka povu mwili mzima, liache dakika 10, kisha suuza mpaka maji yatoke safi. Sabuni ya unga ya kufulia hukausha ngozi na kuzidisha muwasho.

Usinunue antibiotiki dukani kwa kubahatisha. Zikitumika ovyo huzalisha bakteria sugu, na bakteria hao huweza kuhama kutoka kwa mbwa hadi kwa watu wanaoishi naye.

Hatua ya tatu: jaribu chakula. Muwasho ukiendelea bila kujali msimu baada ya wadudu na maambukizi kuondolewa, fanya jaribio la chakula kwa wiki 8. Chagua protini moja na wanga mmoja ambavyo mbwa hajawahi kula. Mbwa aliyekulia ugali wa dagaa na vichwa vya kuku anaweza kupewa nyama ya sungura na viazi. Chemsha bila viungo, bila kitunguu na bila mchuzi wa familia. Mtoto wa mbwa asianzishiwe mlo wa aina hii bila ushauri wa daktari, kwa kuwa bado anahitaji madini ya kukuza mifupa.

Jaribio hili hushindwa kwa sababu moja kubwa: kuna mtu anayempa mbwa kitu kingine. Kipande cha chapati kutoka kwa mtoto, mfupa kutoka kwa mlinzi, maziwa yaliyobaki kwenye kikombe cha bibi, vyote huharibu kazi ya wiki nzima. Kaeni kikao, mkubaliane nyumba nzima, na mlinzi awemo.

Baada ya wiki 8, kama muwasho umepungua, rudisha chakula cha zamani. Muwasho ukirejea ndani ya wiki mbili, mmempata mchawi. Vipimo vya damu na mate vinavyouzwa kwa ajili ya mzio wa chakula haviaminiki, na haviwezi kuchukua nafasi ya jaribio hili.

Hatua ya nne: mzio wa mazingira. Ukifika hapa, kinachobaki kwa kawaida ni mzio wa mazingira. Hakuna kipimo kimoja kinachouthibitisha. Daktari huufikia kwa kuondoa sababu nyingine. Hapo ndipo dawa za muda mrefu hupimwa.

4. Kupima faida na hasara za dawa

*Prednisoloni na steroidi nyingine.* Hutuliza muwasho haraka na bei yake ni nafuu. Zinafaa kwa muda mfupi, muwasho unapokuwa mkali. Zikitumika kwa miezi, mbwa hunywa maji sana, hukojoa sana, hula bila kushiba, hunenepa tumbo, misuli hupungua na ngozi huwa nyembamba. Anaweza hata kupata kisukari. Usizisimamishe ghafla baada ya matumizi ya muda mrefu, na usizichanganye na dawa za maumivu, kwani mchanganyiko huo huweza kutoboa tumbo.

*Oklasitinibu.* Ni kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa jina la Apoquel. Hupunguza muwasho ndani ya siku moja na hakileti kiu na njaa kama steroidi. Ni ghali zaidi, hakipewi mbwa wa chini ya miezi 12, wala mwenye maambukizi makali.

*Lokivetimabu.* Ni sindano inayozuia ujumbe wa muwasho mwilini. Hudumu wiki 4 hadi 8 na inafaa hata kwa mbwa mwenye magonjwa mengine. Bei yake ni kubwa, na lazima ihifadhiwe kwenye jokofu tangu kiwandani hadi kwa daktari. Uliza kama hilo limezingatiwa.

*Siklosporini.* Huhitaji wiki 4 hadi 8 kabla ya kuonyesha nguvu yake kamili, na huweza kutapisha mwanzoni. Haifai kwa anayetaka nafuu ya leo.

*Sindano za kuzoesha mwili.* Mbwa hupewa kidogo kidogo kile kinachomdhuru mpaka mwili ukizoee. Huweza kuchukua mwaka mzima kabla ya kujua kama zimesaidia. Ndiyo tiba pekee inayogusa chanzo cha mzio wa mazingira, lakini haipatikani kila mahali.

*Vidonge vya mzio vya binadamu.* Klofeniramini, ambayo wengi huiita Piriton, humsaidia mbwa kidogo sana, na humfanya alale. Mbwa wa kulinda hatalinda. Vidonge vya mafua vilivyochanganywa na dawa ya kuzibua pua ni sumu kwa mbwa.

*Mafuta ya samaki na kuogesha kila wiki.* Havitoshi peke yake, lakini hupunguza kiasi cha dawa anachohitaji mbwa. Mafuta huhitaji takriban wiki 8 hadi 12 kabla ya kuonyesha tofauti.

Kaya yenye kipato kidogo isikate tamaa. Kudhibiti viroboto kwa uhakika, kuogesha vizuri, na steroidi kwa siku chache chini ya uangalizi wa daktari, huwapa mbwa wengi nafuu kubwa.

5. Usifanye haya kamwe

- Usimpake oili chafu wala mafuta ya taa. Huunguza ngozi, na mbwa akijilamba huyameza.
- Usimwogeshe kwa dawa ya kupe ya ng'ombe kwa kukisia vipimo.
- Usimchome ivermektini ya ng'ombe bila daktari. Baadhi ya mbwa wa jamii ya kolli na jamaa zao wana kasoro ya kurithi inayoruhusu dawa hii kuingia kwenye ubongo, na wanaweza kufa.
- Usimpe ibuprofeni wala diklofenaki.

6. Mkimbize kwa daktari leo hii

Mbwa akiumwa na nyuki au akipewa chakula au dawa mpya, kisha akavimba uso, akatokwa na vinundu mwili mzima, akatapika, akahema kwa shida au akaanguka, hiyo ni dharura. Usisubiri kesho.

7. Afya ya watu wa nyumbani

Mzio wa mbwa hauambukizi watu. Upele na fangasi wa mapunye huambukiza, hivyo watoto wasimkumbatie mbwa anayejikuna mpaka daktari ajue ana nini. Mbwa mwenye maumivu anaweza kumng'ata hata anayempenda. Wafundisheni watoto wasimguse akiwa anakula au amelala.

Mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa na mate mengi, anayeshindwa kumeza au anayeng'ata bila sababu, msimchukulie kuwa ana mzio. Kaeni mbali naye na mtoe taarifa, kwa kuwa huenda ni kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. Mbwa mwenye mzio naye achanjwe kila mwaka. Mweleze tu daktari dawa anazotumia.

8. Maswali ya kumuuliza daktari

1. Je, umeshahakikisha hana upele wala maambukizi?
2. Dawa hii itaanza kufanya kazi lini, na atatumia kwa muda gani?
3. Madhara yake ni yapi, na nikiyaona nifanye nini?
4. Kwa mwezi itanigharimu kiasi gani?
5. Kuna njia nafuu zaidi inayofaa?

Mtafute daktari aliyesajiliwa. Muuza duka la pembejeo anaweza kukuuzia dawa, lakini kupima ugonjwa ni kazi ya daktari. Nchini Tanzania, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hutibu mbwa. Kenya, iko kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete.

Ndugu msomaji, mbwa analinda nyumba yako usiku na hawezi kukueleza anachokisikia mwilini. Leo jioni mwite karibu, chana manyoya yake juu ya karatasi yenye maji, na uanze hatua ya kwanza.